Mihimili Miwili ya Plaiwudi

Kila asubuhi Brenda na Silantoi walikutana njia panda ya Ngaramtoni, wakaenda shule pamoja wakigawana muwa na habari za nyumbani. Siku ile Brenda hakutaka muwa. Alikuwa amebeba bango lake, akilikinga na vumbi kama mtu aliyebeba mayai.

Darasa lao la sita lilipewa jedwali la takwimu za mfano za thamani ya plaiwudi iliyoagizwa kutoka nje kwa mwaka. Tanzania ilikuwa na shilingi milioni mia tatu na sitini, Kenya shilingi milioni ishirini. Brenda alichora grafu, mhimili wa Tanzania mrefu kama mkaratusi, na wa Kenya mfupi kama kisiki. Mwenye bango bora angekwenda kwenye maonyesho ya shule kule Themi, mwanafunzi mmoja tu. Tangu aanze shule, Brenda hakuwahi kuchaguliwa kwa jambo lolote.

Walipofika alilitundika ukutani mwa darasa.

"Duu!" mwanafunzi mwenzao Gerson alisema. "Huo mnara wa Tanzania utatoboa bati!"

Wote walicheka isipokuwa Silantoi. Alisogea karibu, akasoma polepole.

"Brenda, hizi milioni ishirini ni shilingi za wapi?"

"Za Kenya. Si imeandikwa pale kwenye jedwali?"

"Basi umefunga ng'ombe na mbuzi kamba moja. Baba akiuza dume kule mpakani Namanga akalipwa kwa pesa ya Kenya, kila shilingi anaihesabu karibu ishirini za kwetu."

Brenda alipiga hesabu kichwani. Ishirini mara ishirini, mia nne. Kumbe Kenya ndiyo iliyozidi!

"Nyamaza basi," alinong'ona. "Hakuna aliyeona."

"Mimi nimeona. Na sasa wewe umeona. Lakini bango ni lako, sitakusemea."

Silantoi akaenda kuketi. Hakununa wala hakutisha. Brenda alimtazama, akatamani kuwa na moyo mtulivu kama ule.

Mwalimu Nathanaeli aliingia.

"Shikamoo mwalimu!"

"Marahaba. Ketini." Alisimama mbele ya bango akitabasamu. "Mchoro safi sana! Brenda, tueleze."

Brenda alisimama. Alielekeza kidole kwenye mhimili wa Kenya.

"Mwalimu, nimekosea. Nimelinganisha shilingi ya Kenya na ya kwetu kama vile ni pesa moja. Kenya ndiyo iliyoagiza zaidi." Alimgeukia rafiki yake. "Aliyegundua ni Silantoi. Mimi nilitaka tunyamaze."

"Mnara umeanguka!" Gerson alipiga kelele.

"Gerson, bango lako liko wapi?" Mwalimu aliuliza. Gerson akainamisha kichwa.

Mwalimu aliwapa wale wasichana wawili karatasi mpya. Saa ya mapumziko Silantoi alisoma namba, Brenda akachora. Mihimili ilikaribiana, wa Kenya ukizidi kidogo tu. Bango halikushangaza tena, ila lilisema kweli.

Mwalimu aliligonga kwa kidole. "Kabla ya kulinganisha vitu viwili, vipimeni kwa kipimo kimoja. Na ukiona umekosea, sema mapema, hata kama wote wanakusifu. Ukificha kosa, utalibeba mpaka mbele ya wageni."

Akachukua kalamu aandike jina la atakayekwenda Themi. Akaandika Brenda, akasita.

"Nilisema mmoja," alisema. "Hapo nami nilikosea."

Chini yake akaandika Silantoi.