Kifaa cha Pili Kwenye Orodha

Kompyuta ilisema simu ziko mbili. Bisho alitazama mezani akaona moja tu, ile yake, imechomekwa waya kama mgonjwa aliyetundikiwa dripu, akajua kwamba kati yake na kompyuta kuna mmoja anaongopa.

Bisho si jina alilopewa alipozaliwa. Mama yake alimbandika kwa sababu alikuwa mbishi tangu anajifunza kusema, mtu wa kubishana hata na saa ya ukutani. Kaka yake aliitwa Kiraka, kwa kuwa hakuwahi kununua kipya kama cha zamani kingeweza kuzibwa. Wawili hao walitengeneza programu za simu, na ofisi yao ilikuwa sebule ya mama: meza moja, viti viwili, feni yenye kelele nyingi kuliko upepo. Walikuwa wakitengeneza programu ya kuwakumbusha wagonjwa saa za dawa. Kisha Kiraka akashikwa na homa, hakumaliza wiki, akafa. Programu ikabaki nusu. Sasa ulikuwa mwezi wa tatu tangu msiba, na Bisho alikuwa bado hajathubutu kukiondoa kile kiti cha pili.

Kifaa cha pili kwenye orodha kilikuwa simu ya Kiraka. Jina lake liliandikwa waziwazi, na mbele yake neno moja: *haijaidhinishwa*. Maana yake kompyuta imeiona simu, lakini mwenye simu hajakubali iguswe. Bisho akafungua droo. Simu ilikuwa pale pale alipoiweka siku ya msiba, imezimwa, betri imekauka.

Akafanya kile wanachofanya wenzake wote wa kazi hiyo: akalaumu waya. Fundi akikosa jibu, mchawi ni waya. Akabadilisha waya, akahamisha tundu, akazima kompyuta na kuiwasha tena. Simu yake ikapotea kwenye orodha. Ya Kiraka ikabaki.

Ilikuwa saa tisa alasiri, jua limejaa sebuleni, watoto wa jirani wanacheza uani. Saa ya kuogopa haikuwa hiyo. Bisho alikuwa na usingizi, na kazi ilipaswa kukabidhiwa kliniki iliyoiagiza mwisho wa mwezi. Kisanduku kilipotokea kwenye kioo kikimtaka aingize namba sita za kuunganisha simu bila waya, hakushtuka. Kazi yao ndivyo ilivyokwenda. Namba hutokea kwenye simu, hudumu muda mfupi, kisha hufutika. Kwa hiyo mmoja hushika simu na kusoma, mwingine huandika. Kiraka alipenda kujilaza chumbani kwa mama na simu mkononi, asome kwa sauti, mbili mbili.

"Arobaini na moja," sauti ilisema kutoka chumbani. "Sifuri tisa. Sabini na sita. Umepata?"

"Nimepata," Bisho alijibu.

Alikuwa amekwisha kuandika. Kwa miaka minne vidole vyake vilizoea sauti ile, na vidole havijui msiba. Kioo kikaandika: *imeunganishwa*. Ndipo roho ilipomruka.

"Mama?" sauti ikaita tena, kwa upole, kama mtu aliyerudi safari asiyetaka kuwaamsha watu.

"Naam, baba," mama akaitika. "Nipo hapa."

Bisho aliinuka, na kutoka mezani hadi mlango wa chumba ni hatua saba ambazo amezipita maisha yake yote bila kuzihesabu, lakini siku hiyo alizihesabu, kwa sababu katika kila hatua harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi ilizidi, udongo mbichi wenye maji, ndani ya nyumba ya sakafu ya saruji, wakati wa kiangazi, na nywele zilimsimama, na kelele za watoto uani zikawa kama zinatoka mtaa wa nne, na aliposukuma mlango alimkuta mama ameketi kitandani anatabasamu, akiitazama pembe ya kabati ambako hapakuwa na mtu.

"Mama," alinong'ona, "unaongea na nani?"

"Usipige kelele. Mwenzio amechoka."

Tangu siku hiyo, kila saa tisa, kifaa kile kilijiunganisha chenyewe. Bisho alizima mtandao wa nyumba, kikaunganika. Alitoa betri ya simu akaifunga kwenye kitambaa, kikaunganika. Mama alikuwa akijifungia chumbani, na kupitia ukuta zilisikika sauti mbili zikizungumza na kucheka. Tuseme kweli: Bisho mwenyewe alikuwa akiegemea ukuta ule kusikiliza. Alikuwa amemkosa kaka yake mno. Siku ya tatu alilia pale ukutani, na hakujua analia kwa hofu au kwa furaha.

Lakini mbishi ni mbishi, na macho yake yaliona kitu. Kompyuta ilionyesha chaji ya ile simu isiyo na betri. Siku ya kwanza ilikuwa asilimia mbili. Siku ya tatu, ishirini na tisa. Siku ya tano, hamsini na nane. Na kadiri chaji ilivyopanda ndivyo mama alivyoshuka. Aliacha kula. Pete ikamtoka kidoleni ikabingirika sakafuni. Mikono yake ilikuwa ya baridi mchana wa jua, na midomo ilipauka. Alipoambiwa aende hospitali, alisema, "Na mwanangu akija asinikute?"

Siku ya saba asubuhi, chaji ikiwa asilimia themanini na nane, Bisho alimwendea Mkunga.

Bibi huyo alikuwa mkunga mstaafu, na ndiye aliyewapokea Bisho na Kiraka wote wawili duniani. Watu walisema kwa chini kwamba kutoa watoto na kutoa mashetani kwake ni kazi moja. Alifika na mkoba wa ngozi na viatu vya mpira, akanusa mlangoni, akasita.

"Nani alilifungulia?"

"Mimi, bibi. Nilikubali namba zake."

"Na nani aliliitikia?"

Bisho akaelekeza kidole chumbani.

"Jini halivunji mlango, mjukuu wangu. Hubisha hodi kwa sauti unayoipenda," Mkunga alisema. "Aliyefungua ndiye afunge, na aliyeitika ndiye akatae. Mimi nitaomba dua tu. Na iwe leo, kabla hiyo chaji haijajaa. Ikijaa utabaki na simu, mama hutakuwa naye."

Mama aliposikia alicheka kwa uchungu. "Nimkatae mwanangu? Nyie mna akili timamu?"

"Si mwanao, bi mkubwa."

"Nimemzaa mimi. Wewe ulimdaka tu."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hata Mkunga alijua pa kukoma. Hatimaye akasema polepole, "Jini hujua kile lilichosikia kwenye hiyo simu, basi. Kamuulizeni jambo la zamani, kabla hajawa na simu. Akijua, nitafunga mkoba wangu niondoke."

Mama akamgeukia Bisho. Macho yake yalikuwa yamezama, lakini yalikuwa macho ya mama. "Muulize wewe. Akijibu, mniache naye hata nife. Asipojibu, nitasema hayo mnayotaka."

Saa tisa ikafika. Harufu ikatangulia, kisha kioo kikaandika *imeunganishwa*, asilimia tisini na tisa. Feni ikasimama ingawa umeme ulikuwapo. Pembe ya kabati ikawa na giza la mtu aliyesimama, katikati ya mwanga wa mchana.

"Mama," sauti iliita.

Mama aliuma midomo. Bisho alikuwa ameshika kompyuta mapajani. "Kiraka," alisema, "hili kovu la mguuni kwangu nililipataje?"

Jambo hilo walilijua watu wawili tu. Bisho alikuwa na miaka sita, Kiraka tisa. Mama aliambiwa amejikwaa kwenye ngazi, na kidonda kikafungwa pamoja na siri yake.

Hakuna jibu. Kulikuwa na pumzi tu, nzito, ya mtu anayepanda mlima, na ile pumzi ikajaa chumba, ikajaa masikio, ikaingia mpaka kifuani mwa Bisho, akawa anapumua kwa mwendo wake bila kupenda, huku mama akitetemeka kitandani na Mkunga akisoma dua kwa midomo isiyotoa sauti, na Bisho akihesabu, kwa kuwa katika kazi yake kifaa hupewa sekunde thelathini, kisichojibu huhesabiwa hakipo. Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Thelathini.

"Hajui," Bisho alisema.

Mama alisimama. Alishika nguzo ya kitanda kwa mikono miwili. "Wewe si mwanangu," alisema, na sauti ikakatika, akaianza upya. "Sikukuzaa. Sikukunyonyesha. Ondoka nyumbani kwangu."

"Mama?"

"Sikujui!" mama alipiga ukelele, na hakuna anayetaka kusikia ukelele kama ule mara mbili.

Bisho akabonyeza *ondoa vibali vyote*. Kitu kikapita kando yake kuelekea mlangoni, baridi, taratibu, hakikusukuma mtu. Feni ikaanza kuzunguka. Harufu ikaisha, na kelele za watoto zikarudi uani. Mkunga alimshika mama kiunoni akampeleka kunawa uso, na jikoni mama akasikika akisema, kwa mara ya kwanza baada ya siku saba, kwamba ana njaa.

Bisho alibaki na kompyuta. Orodha ilikuwa tupu. Alikuwa karibu kuifunga, pale kwenye kidirisha cheusi cha kioo, mahali ambapo vifaa huandika taarifa zao, ulipoingia mstari mmoja, ukifuatiwa na mwingine.

*Chupa ya soda. Niliivunja mimi, ukaikanyaga. Nikakubeba mgongoni.*

*Tulisema ni ngazi. Samahani Bisho, ni mbali huku, maneno yanachukua muda kufika.*

Hapakuwa na zaidi. Alisubiri dakika nzima, kisha tano, kisha kumi. Yeye ndiye aliyemfundisha kila mwanafunzi wa kazi ile kwamba kifaa kilichonyamaza huenda kipo, ila njia ni mbovu. Usikiondoe haraka, kipe muda. Lakini yeye alimpa kaka yake mwenyewe sekunde thelathini tu. Huenda jini likifukuzwa huacha mwiba makusudi. Huenda alikuwa Kiraka kweli, aliyerudi kwa mapenzi tu, asijue kwamba kila neno lake linamnyonya mama. Kwa vyovyote asingemwacha aijaze ile chaji. Hilo alilijua, na halikumsaidia kitu. Alijiziba mdomo kwa kiganja ili kilio kisifike jikoni.

Mama alitokea mlangoni na bakuli mkononi. Mashavu yake yalikuwa yameanza kupata damu, macho yamevimba.

"Bisho. Na kama alikuwa yeye?"

"Hakuwa yeye, mama."

"Una hakika? Maana nilimwambia simjui. Kama alikuwa yeye, mwanangu, nitakufaje nikakutane naye?"

"Ningekuwa sina hakika, ningebisha," Bisho alisema. "Si unanijua? Lilikuwa jini. Halikujibu kitu."

Mama akavuta kile kiti cha pili, akaketi, akaanza kula, kijiko kimoja baada ya kingine. Bisho aligeuza kioo upande wake, akayasoma maneno ya kaka yake mara moja zaidi ili ayashike kichwani, akayafuta.