Kikohozi cha Babu Minani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Esperansi alimpelekea babu yake uji chumbani. Mzee Minani alikuwa amekonda sana, na dirisha la chumba chake lilikuwa limezibwa kwa gunia asipigwe na baridi. Prosperi, mdogo wake Esperansi mwenye miaka mitatu, alilala kitanda kimoja na babu. Hakukubali kulala kwingine.

Siku moja Nesi Julieth wa kituo cha afya alifika darasa la sita, alikosoma Esperansi. Alieleza kwamba magonjwa mengi huletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, na kwamba vile vya kifua kikuu husambaa hewani mgonjwa anapokohoa.

"Nani ana mtu nyumbani aliyekohoa zaidi ya wiki mbili?" aliuliza.

Esperansi aliinamia daftari lake. Babu alikuwa akikohoa tangu msimu wa kuvuna tumbaku. Lakini aliwaza jinsi Octavian wa darasa lao alivyokimbiwa na wenzake wakati baba yake alipougua ugonjwa huo, hata akabaki dawati zima peke yake. Akanyamaza.

Mwezi ukapita. Prosperi naye akaanza kukohoa. Akakataa chakula, mbavu zikahesabika. Mama alisema ni mafua tu.

Asubuhi moja Esperansi alikuta damu kwenye kitambaa cha babu.

"Usimwambie mtu, mjukuu wangu," mzee alisema kwa shida. "Watatutenga."

Esperansi aliweka bakuli la uji chini. "Nilishanyamaza, babu. Sasa Prosperi anaumwa."

Siku hiyo hakwenda shule. Alikwenda moja kwa moja kituo cha afya.

Nyumba nzima ilipimwa. Babu na Prosperi walikutwa na kifua kikuu, wakaanzishiwa dawa. Gunia liliondolewa dirishani. Babu alivaa barakoa na kulala peke yake, huku Prosperi akimlilia mlangoni. Lakini mapafu ya mzee yalikuwa yameharibika mno. Wiki ya tatu alifariki, wakamzika mvua ikinyesha.

Miezi sita ilipotimia, Esperansi alimpeleka Prosperi kituoni kumaliza dozi.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba."

"Kama ningesema siku ile darasani, babu angepona?"

Nesi Julieth aliweka kalamu chini. "Pengine. Siwezi kukudanganya. Lakini hofu iliyokunyamazisha uliipata kwetu sisi wakubwa, tunaowatenga wagonjwa. Kuumwa si aibu, Esperansi. Kikohozi kikizidi wiki mbili, sema. Anayekohoa azibe mdomo, madirisha yafunguliwe, na dawa zimalizwe hata mtu akijisikia nafuu. Ulichelewa, ndiyo, lakini ulisema, na huyu yuko hai."

Alimpandisha Prosperi kwenye mizani. Alikuwa ameongezeka kilo mbili na nusu.

Esperansi alifuta machozi, akambeba mdogo wake mgongoni. Walitembea mpaka nyumbani, na njia nzima mtoto hakukohoa hata mara moja.