Furaha ya Daraja la Nne

Dakika ya thelathini na moja, kiti namba 408 cha jukwaa la mashariki kilisikia moyo wa mtu unasita.

Hakuna binadamu aliyeona kitu. Watu elfu ishirini na nane waliojaa uwanja mpya wa Kigoma walikuwa wamekodolea macho mpira, Tanzania na Burundi bado sufuri kwa sufuri, na mwanamke wa kiti kile alikuwa anapuliza vuvuzela kama wenzake. Lakini chini ya kila kiti palikuwa na kisikiamoyo, kidude chembamba kama sarafu kinachosoma mapigo ya moyo kupitia nguo na ngozi. Sekunde tatu hazijapita, ndegetiba, droni ya huduma ya kwanza, ikapaa kutoka paani, ikatua mbele ya mwanamke yule na kunyoosha mikono yake miwili. Jirani zake walipogeuka, alikuwa ameshachomwa sindano, na kitu cha kwanza alichouliza kilikuwa, "Tumefunga?"

Juu, kwenye chumba cha uangalizi, Mhandisi Skolastika Ruhaga alicheka kwa faraja. Alikuwa ametumia miaka tisa kukitengeneza chombo kile, tangu siku baba yake alipoanguka katikati ya umati wa mashabiki na kukosa hata mtu wa kumwona.

Mgeni aliyekaa kiti cha pili hakucheka. Aliitwa Yonazi Mkanula, afisa wa Idara ya Uhakiki. Alikuwa amefika asubuhi hiyo kutoka Dodoma na barua ya utambulisho iliyotaja cheo chake bila kutaja kazi iliyomleta.

"Mhandisi," alisema taratibu, "chombo hiki kinaweza kumtofautisha mtu aliyefurahi na mtu aliyeshtuka?"

"Kinaweza. Mshtuko huja kwa kishindo kimoja, furaha hupanda kwa mawimbi. Tumeigawa furaha kwenye madaraja matano. La kwanza ni mtu kumwona rafiki kwa mbali. La tano ni mama kukabidhiwa mtoto wake mchanga."

"Na kiti kinamjua aliyekikalia?"

"Tiketi ina jina na picha."

Alijibu kwa majivuno ya fundi aliyeulizwa habari za kazi yake. Baadaye angeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi, akitafuta mahali ambapo angeweza kunyamaza.

Dakika ya sitini na nne Burundi ilipata kona. Mpira ulielea nyuma ya mshambuliaji wao, kijana mwembamba mwenye jezi namba kumi na tisa. Kijana akaruka, akajipindua hewani, mgongo ukiwa umeelekea chini, akaupiga mpira kwa mguu akiwa kwenye kilele cha mruko wake. Wavu ukatikisika. Uwanja mzima ukawa kimya kama msibani. Tanzania ilisawazisha dakika za mwisho, lakini Yonazi alikuwa ameshainamia kioo cha namba.

"Nitahitaji nakala ya dakika ya sitini na nne," alisema.

"Ya nini?"

"Utafiti."

Skolastika hakupenda namna alivyolitamka neno lile. Hata hivyo barua ilikuwa na muhuri, naye akampa.

Wiki mbili baadaye, mjomba wake alifika nyumbani kwake mtaa wa Mwanga bila kupiga simu kwanza. Fabiani Gwanko alikuwa kiongozi wa ngoma wa mashabiki wa timu ya taifa mkoani Kigoma kwa miaka thelathini na mmoja. Mji mzima ulimjua kwa kofia yake ya rangi nne za bendera. Siku hiyo alikuja kichwa wazi. Hakukaa. Alimpa Skolastika karatasi, naye akaisoma.

Barua ilisema kwamba katika dakika ya sitini na nne, mpinzani alipofunga, moyo wa Bwana Gwanko ulionyesha furaha ya daraja la nne. Kwa sababu hiyo aje mbele ya kamati kuthibitisha uraia wake.

"Mwanangu," mzee aliuliza, "ni wewe uliyenisikiliza?"

"Mjomba, mimi nilitengeneza cha kuokoa watu."

"Sijauliza ulitengeneza cha nini."

Skolastika alitaka kumfariji, lakini swali jingine lilimtoka kabla hajalizuia. "Lakini ni kweli ulifurahi?"

Watu wa Kigoma wamezoea kuulizwa babu zao walizaliwa upande gani wa mpaka, maana Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana. Fabiani alikuwa ameulizwa na polisi, na makarani, na makonda wa treni. Hakuwahi kuulizwa na mtoto wa dada yake. Aliichukua karatasi yake, akaikunja mara nne, akaondoka bila kuaga.

Tangu hapo shaka ikahamia moyoni mwa Skolastika na kukataa kutoka. Kama mjomba si raia, basi na marehemu mama yake alikuwa nani? Na yeye mwenyewe? Kazini, wenzake walianza kunyamaza akiingia. Mtaani aliambiwa kwamba barua kama ile zimefika Ujiji, Kasulu, hadi Kibondo. Usiku wa kuamkia kikao alishindwa kujizuia, akaifungua kumbukumbu ya dakika ile, akitumaini, na hili alilijutia, kukuta kwamba mjomba wake alikuwa peke yake.

Viti vilivyofurahi vilikuwa elfu mbili mia tatu na kumi na moja. Aliteremka na orodha, jukwaa baada ya jukwaa, mpaka mwisho kabisa, kwenye viti viwili vya chumba cha uangalizi. Cha kwanza kilikuwa chake: daraja la tatu. Cha pili kilikuwa daraja la tano.

Asubuhi kamati ilikaa kwenye ukumbi wa halmashauri. Mwenyekiti, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya uchovu, alimtaka Mzee Fabiani ajieleze.

"Nimelipigia ngoma taifa hili tangu nikiwa na meno yote," mzee alisema. "Goli lile lilikuwa zuri, mheshimiwa. Yule kijana aliruka kama hana mifupa. Mdomo niliuziba. Moyo ningeuziba na nini?"

Skolastika akasimama, akaomba kusoma ushahidi. Alisoma kiti cha mjomba wake. Akasoma chake. Kisha akasoma cha Bwana Yonazi Mkanula.

Ukumbi uligeuka. Yonazi alisema, kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, "Nilicheza winga ya kushoto shuleni. Miaka yote nilikuwa nalijaribu lile shuti."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alimfutia Fabiani shauri lake papo hapo na kumwomba radhi. Barua nyingine, alisema, zitaangaliwa moja moja. Kuhusu visikiamoyo, vitabaki, kwa kuwa vimeokoa maisha ya watu kumi na wanne, isipokuwa vitafanyiwa marekebisho ili visikosee tena.

"Havikukosea," Skolastika alisema, lakini karani alikuwa ameshafunga daftari.

Mechi iliyofuata, dhidi ya Zambia, uwanja ulijaa kama kawaida. Tanzania ilipofunga dakika ya kumi, watu wote waliinuka kwa wakati mmoja, wakapaza sauti kwa pamoja, wakapeperusha bendera. Skolastika alitazama kioo chake. Madaraja ya furaha yalikuwa matupu karibu uwanja mzima. Kilichopanda, kiti hadi kiti, kilikuwa woga.

Kiti cha kiongozi wa ngoma kilikuwa wazi. Wakati wa mapumziko Skolastika alimwachia msaidizi usukani, akateremka, akatembea kwa miguu hadi kwa mjomba wake. Mlango ulikuwa umefungwa mchana kweupe, na dirisha pia. Kutoka ndani alisikia redio, mtangazaji akihema kwa kasi ya mchezo, na ngoma ikigongwa kwa ncha za vidole, polepole mno, kama mtu anayebembeleza.

"Hodi," aliita.

Ngoma ikanyamaza. Redio ikazimwa. Alisubiri hadi mlango ukafunguka kidogo, na uso wa mzee ukatokea, mpole, umejifunga.

"Nani anaongoza, mjomba?"

"Sijui, mwanangu," mzee alisema. "Nilikuwa nimelala."