Ikiwasha Ndiyo Inafanya Kazi

Saluni ilikuwa na viti vitatu. Kiti cha kwanza kilikuwa dirishani, na mwenye kiti hicho alikuwa msusi ambaye wateja walimwita Mwepesi. Walimpa jina hilo kwa sababu ya mikono yake. Kichwa ambacho wenzake walikisuka kutwa nzima, yeye alikimaliza kabla ya chai ya saa kumi, na mteja aliinuka bila kulalamika kwamba nywele zinamvuta. Mdomo wake nao haukupoa. Aliwatania wateja, wateja wakamtania, na siku ikaisha hivyo.

Uso ndio uliomtia simanzi. Chunusi zilimwanza akiwa na miaka kumi na saba. Sasa alikuwa na ishirini na tatu, na bado zilikuwepo, mashavuni na kidevuni. Nyingine zilikuwa ndogo kama punje za mtama. Nyingine zilikuwa kubwa, zina usaha, na zinauma hata akilalia mto. Kila mtu alikuwa na lake la kusema. Shangazi yake alisema ni uchafu, basi Mwepesi akawa anausugua uso kwa kitambaa kigumu. Mama yake alisema ni ujana, zitaondoka zenyewe. Wateja walisema mengi zaidi, tena huku wakimtazama kwenye kioo. Saluni ina vioo kila upande. Mwenye chunusi hana pa kujificha humo.

Siku moja mteja mpya aliketi kwenye kiti cha kwanza. Akamtazama Mwepesi. Akasimama, akaenda kumnong'oneza mwenye saluni, ambaye wote walimwita Madamu. Mwepesi aliona midomo tu ikicheza, lakini alijua kinachosemwa.

Jioni Madamu alimwita kando.

"Mwanangu, usinielewe vibaya," alisema. "Kwa muda tu, nenda ukaoshe nywele kule nyuma. Uso ukitulia, utarudi kitini kwako."

"Usipotulia je?"

Madamu alichukua taulo akalikunja. Kisha akachukua lingine.

Kule nyuma hakukuwa na dirisha. Kulikuwa na sinki, kigoda na ndoo ya taulo chafu. Walikaa huko wanafunzi wa wiki mbili tatu, na Mwepesi alikuwa msusi wa miaka sita. Alijikaza mpaka alipofika nyumbani, ndipo akalia.

Kesho yake alikwenda kliniki. Daktari alimwangalia uso, akamuuliza maswali, akamwandikia jeli ya kupaka. Alimweleza pia namna ya kuitumia. Lakini foleni ilikuwa ndefu na mlango ulikuwa unagongwa, na Mwepesi akili yake ilikuwa kwenye kiti cha dirishani.

"Umeelewa?" daktari aliuliza.

"Nimeelewa, daktari."

Hakuwa ameelewa. Aliona haya kusema.

Ndani ya boksi la dawa mlikuwa na karatasi ya maelezo, ndefu, yenye maandishi madogo. Sasa, kigoda cha pale kwenye sinki kilikuwa kinayumba. Mwepesi akaikunja karatasi ile mara nne, akaichomeka chini ya mguu wa kigoda. Kigoda kikatulia, naye akaridhika.

Ingekuwa mtu mwingine, labda angeipaka jeli ile kwa woga kidogo. Lakini Mwepesi alikuwa mtu wa saluni. Katika saluni ile kila mmoja alijua dawa ya kulainisha nywele inavyofanya kazi. Unaipaka, unasubiri. Mteja akisema kichwa kinawasha, unamwambia, "Vumilia kidogo. Ikiwasha ndiyo inafanya kazi." Mwepesi alikuwa ameyasema maneno hayo mara nyingi kuliko salamu.

Basi alikamua jeli ya kujaa kidole kizima. Akaipaka uso wote, asubuhi na jioni. Siku ya pili uso ulianza kuwasha, naye akafurahi. Siku ya nne ngozi ilianza kukaza na kubanduka kuzunguka mdomo. Akasema moyoni, ngozi mbaya ndiyo hiyo inaondoka. Siku ya sita akaisugua kwa sukari ili ibanduke upesi, kisha akapaka limau juu yake. Ilimuuma hadi akashika ukuta. Akavumilia.

Wiki ilipokwisha, uso ulikuwa umevimba na kuiva. Pembe za pua zilitoa majimaji. Kucheka kulimuuma, kutafuna kulimuuma. Chunusi hazikuondoka hata moja, bali mpya zilikuja. Alitaka kurudi dirishani, na sasa aliogopa hata kupita karibu na hilo dirisha.

Nyumbani aligeuza kioo kikatazama ukuta. Akawa anakula peke yake, baada ya wengine.

"Mwanangu, iache hiyo dawa," mama yake alimwambia.

"Inafanya kazi, mama."

"Inafanya kazi gani?"

Mwepesi alikamua jeli nyingine kidoleni. Mama akatoka nje, akaanza kuzigeuza nguo kwenye kamba, nguo ambazo zilikwisha kauka tangu mchana. Hakutaka mtoto wake amwone akifuta macho.

Kazini Mwepesi alianza kuvaa barakoa. Aliosha vichwa vya watu kimya kimya, na utani wake wote ukamwisha. Wenzake walidhani anaringa.

Mteja mmoja wa siku nyingi alikuwa mfamasia, mama wa makamo mwenye duka la dawa mtaa wa pili. Alikuja kuoshwa nywele. Mtu anayeoshwa nywele hulaza kichwa kwenye sinki na kutazama juu. Hilo Mwepesi hakulifikiria. Barakoa ilimsitiri kwa mtu aliyesimama mbele yake, lakini aliyelala chini yake aliona kila kitu.

"Binti, hayo yamekupata lini?" mfamasia aliuliza.

"Yapi, mama?"

"Hayo uliyoyafunika."

Mwepesi akafungulia maji zaidi.

"Ongeza tu. Kichwa changu kiko mikononi mwako, siendi popote. Umepaka nini?"

Mwepesi alisita. Kisha alifuta mikono, akatoa tyubu ya jeli kwenye mfuko wa aproni. Mfamasia aliisoma huku maji yakimchuruzika shingoni.

"Hii ni dawa nzuri," alisema. "Iko katika dawa zinazoitwa retinoidi. Unapaka kiasi gani?"

Mwepesi akamwonyesha kidole kizima.

"Mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni."

"Na ikiwasha?"

"Navumilia. Ikiwasha ndiyo inafanya kazi."

Mfamasia aliinuka akaketi, povu kichwani. "Nani kakwambia hivyo?"

"Hakuna aliyeniambia. Dawa ya nywele ndiyo ilivyo."

"Hata hiyo ya nywele sivyo ilivyo, lakini tuliache hilo. Ikikuunguza namna hiyo, ngozi inakwambia basi. Karatasi ya maelezo uliiweka wapi?"

Mwepesi alitazama mguu wa kigoda. Mfamasia naye akatazama. Ilikuwa ichekeshe, na Mwepesi alianza kucheka kweli, lakini mdomo ukapasuka pembeni, damu ikatoka. Hapo ndipo machozi yalipomshinda. Alilia amesimama, mikono imejaa povu.

"Nilitaka kupona haraka," alisema. "Nilitaka kiti changu."

"Najua, mwanangu. Keti hapa." Mfamasia alimkalisha kwenye kigoda. "Sikiliza. Chunusi huanza vitundu vidogo vya ngozi vinapoziba. Dawa hii huisaidia ngozi kujibadilisha vizuri, ili vitundu visizibe. Ni kazi ya polepole. Ukipaka nyingi, haikimbii. Inakuunguza tu."

"Sasa nifanye nini?"

"Leo acha jeli. Limau na sukari usirudie tena maishani. Osha uso kwa maji na sabuni laini, bila kusugua, kisha upake losheni isiyo na manukato. Na urudi kliniki kesho, hapo puani panahitaji kuonwa na daktari. Yeye ndiye atakayekwambia lini uanze tena."

"Nianze tena?" Mwepesi aliiangalia ile tyubu kama inayouma.

"Daktari akikuruhusu. Lakini safari hii unapaka jioni tu. Jioni moja unapaka, mbili unapumzika, mpaka ngozi izoee. Osha uso, usubiri ukauke kabisa. Kiasi chake ni punje moja ya njegere kwa uso wote. Hupaki kwenye chunusi moja moja, na hukaribii macho, midomo wala pembe za pua. Halafu losheni. Mchana upake losheni ya kukinga jua, au uvae kofia pana, kwa sababu ngozi itaungua na jua upesi."

"Nitapona lini?"

Mfamasia hakumficha. "Wiki za mwanzo chunusi zinaweza hata kuongezeka. Nafuu yenyewe utaiona baada ya miezi miwili, mitatu hivi. Na alama nyingine zitachelewa kufutika."

Miezi mitatu kwenye sinki. Mwepesi aliinamisha kichwa.

"Jambo moja zaidi. Una mimba?"

"Hapana."

"Mwenye mimba haitumii dawa hii. Ukipanga kuzaa, iache kwanza, umwambie daktari. Na usimgawie mtu, hata ndugu yako wa tumbo moja. Sasa nioshe hili povu, linaniingia machoni."

Jioni ile Mwepesi aliinua kigoda, akaitoa karatasi. Ilikuwa imelowa na kuchanika katikati, lakini ilisomeka. Kila alichoambiwa kilikuwa humo.

Kesho yake daktari alimtibu vidonda na kumwambia asipake jeli mpaka ngozi ipone. Ilichukua wiki tatu, ndipo akarudi kliniki kuruhusiwa kuanza tena. Safari hii daktari alipouliza, "Umeelewa?" Mwepesi alisema, "Sijaelewa. Naomba unieleze tena." Daktari akamweleza tena, na mlango uliendelea kugongwa.

Siku ya kuanza upya, mama yake alimletea kifuniko cha chupa. Ndani yake aliweka punje moja kavu ya njegere.

"Hiki ndicho kipimo chako," alisema. "Mkono wako ukitaka kuzidisha, uangalie hapa."

Haikuwa rahisi. Wiki ya tatu chunusi nne mpya zilitokea kwa mpigo kidevuni. Mwepesi aliitupa tyubu chini ya kitanda. Mama aliinama, akaitoa, akaipangusa vumbi.

"Mfamasia alisemaje?"

"Alisema zinaweza kuongezeka."

"Basi hakukudanganya. Leo ni zamu ya kupaka au ya kupumzika?"

"Kupaka."

"Paka."

Alipaka. Punje moja. Uso ulichonyota kidogo, kisha ukatulia, na ndivyo ilivyotakiwa. Wiki zilikwenda kwa kujivuta. Kule mbele Madamu alimweka msusi mwingine kwenye kiti cha dirishani, naye Mwepesi alimsikia akichekesha wateja. Wateja wake mwenyewe wa zamani, tena. Siku nyingine alitamani kuacha kazi.

Mwezi wa tatu mama yake alikigeuza kioo kikatazama ndani, na Mwepesi hakukigeuza tena. Chunusi zenye usaha hazikuwepo. Zilibaki chache ndogo. Kulikuwa na alama nyeusi shavuni, pale alipojiunguza kwa limau na sukari. Hizo ndizo zilizomuuma zaidi, maana alijiletea mwenyewe.

Mwezi wa tano yule msusi wa dirishani alihamia saluni nyingine. Madamu alimwita Mwepesi kando, pale pale alipomwitia siku ile.

"Rudi kitini kwako," alisema. "Lakini nisikie, mteja akilalamika tena sitakuwa na la kukutetea."

Mteja wake wa kwanza alikuwa binti wa shule, miaka kumi na minne hivi, aliyeletwa na mama yake kulainisha nywele kwa ajili ya picha ya familia. Mama mtu alitaka zinyooke kabisa. Mwepesi alipaka dawa, akasubiri. Kwenye kioo Mwepesi aliona vidole vya binti vimebana mikono ya kiti.

Madamu alipita, akagusa nywele. "Bado. Ziache zilainike vizuri."

"Zinyooke kweli," alisema mama mtu.

Mwepesi aliinama. "Inawasha?"

"Kidogo, dada," binti alisema. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Lakini si ndiyo inafanya kazi?"

Mwepesi aliyasikia maneno yake mwenyewe. Alimtazama Madamu. Akakitazama kiti, dirisha, na jua lililoingia humo, ambalo alikuwa amelikosa kwa miezi mingi.

"Hapana, mdogo wangu," alisema. "Inakuunguza. Simama, twende tukaoshe."

"Hazijanyooka!" mama mtu alisema.

"Najua, mama."

Nyuma yao yule mama alianza kulalamika, na sauti ya Madamu ikawa inamtuliza. Mwepesi hakugeuka. Alimlaza binti kwenye sinki, akafungulia maji ya baridi, akayaacha yapite kwa muda mrefu pale palipokuwa pekundu. Binti alifungua macho. Kutoka pale alipolala, aliziona alama zote.

"Dada, huo uso ulifanyaje?"

"Nilivumilia," Mwepesi alisema, na akamwongezea maji.