Sauti ya Mama Niliikabidhi kwa Watu Nisiowajua

Nina miaka thelathini na mmoja, naishi Nyakato, Musoma, na kazi yangu ni kutengeneza programu na mitandao. Nawaambia mapema ili mjue sikuwa mshamba wa mambo haya. Nilikuwa fundi! Na bado nikafanya ujinga...

Mama yangu, Mjita wa vijiji vya ufukweni, ndiye alikuwaga anaitwa wakizaliwa mapacha. Kwetu mapacha hawapokelewi kimya kimya. Wanaimbiwa matusi, tena mazito, na hiyo ndiyo baraka yao. Siku nyingine ukiyatamka unazabwa kofi. Siku hiyo hata bibi mlokole anayaimba huku anacheka.

Mama alipoanza kuugua figo, nikamrekodi kwa simu nyimbo zote, na maelezo yake juu. Nilitaka ndugu waliotawanyika wazisikie.

Mwenzangu wa kazi, Magesa wa Nyasura kule Bunda, akanishauri tujenge mtandao wetu wenyewe, kwenye seva yetu, yaani kompyuta yetu ya kuhifadhia.

“Dada, ukiweka kwa watu, siku wakikufukuza utamlilia nani?”

Nikamcheka! Nani atahangaika na mtandao wa Magesa? Seva inataka kulindwa, ikizima usiku, usingizi unaokatika ni wako. Nikafungua ukurasa wa bure kwenye mtandao mkubwa wa kampuni ya nje, nikaziweka nyimbo huko. Watu wakajaa, vicheko na machozi... nikavimba kichwa jamani! Simu ilipojaa nikafuta rekodi. Si zipo kule?

Mama akafariki.

Tulipomaliza matanga, mama mdogo, yaani mdogo wake wa kumfuata, akaniita pembeni. “Mwanangu, toa yale matusi. Kanisani wananiangalia vibaya.” Nikamjibu ovyo, kwamba anaona aibu na kabila lake. Akaondoka. Kumbe alienda kuripoti ukurasa, yeye na wanakwaya wenzake!

Asubuhi moja nikakuta umefungwa. Eti maudhui machafu! Mama yangu, mchafu? Nikakata rufaa mara tatu. Jibu likawa lile lile, na najua halikuandikwa na mtu. Mtu ningemweleza!

Ungekuwa mtandao wetu, ningezifungia nyimbo zile kwa wanafamilia tu, yakaisha. Lakini niseme ukweli: mama mdogo alinijia kwanza, mimi ndiye niliyemfukuza.

Mwezi uliopita mke wa kaka yangu, kule Butiama, akajifungua mapacha. Tukakusanyika uani kuwaimbia, kila mtu ananiangalia mimi, mtaalamu niliyezirekodi nyimbo. Nilitamani ardhi inimeze. Mwisho mama mdogo akajikaza. Akaimba mstari mmoja, akaanza wa pili, akakwama... akaangua kilio mbele za watu. Alikuwa amesahau.

Sijamsamehe. Na mimi mwenyewe sijajisamehe, maana Magesa aliniambia na masikio ninayo.

Ninyi mnaotengeneza mitandao, nawaomba kwa machungu haya, msidanganywe na urahisi. Mkitaka kuonekana, wekeni kwa wakubwa. Ila kitu ambacho hakina mwingine duniani kikae kwenu kwanza, kwenye mashine mnayoweza kuishika, hata kama inawasumbua kila wiki. Mtasema mtafanya kesho. Na mimi nilisema hivyo.

Wale watoto, mimi shangazi yao... tuliishia kuwafungulia redio.