Mkanda wa Moyo wa Batuli

"Fungua hiyo kitenge! Iko nini inasema ndani?"

Batuli alikufa ganzi. Askari wa kizuizi cha Magara alikuwa ameinama dirishani mwa minibasi, na kutoka kifuani mwa binti wa watu ilisikika sauti ya mwanamume ikitoa amri kwa Kirundi. Sauti hiyo hiyo ilitoka kwenye redio ya askari mwenyewe!

"Mupelelezi!" mama mmoja alinong'ona. Abiria wakajivuta pembeni.

Jephté, aliyekaa na Batuli kiti kimoja, akainua mikono.

"Chef, kosa ni yangu. Ile iko mashine ya kusikiliza moyo. Ni miye niliitengeneza."

Alisema kweli. Moyo wa Batuli ulikuwa na tabia ya kukurupuka mbio, lakini kila akifika kwa daktari Bujumbura, umeshatulia. "Ni woga wa vita," daktari humwambia. Ndipo Jephté, mwanafunzi wa umeme aliyerudi Rumonge vita vilipochacha, akamtengenezea mkanda: nyaya mbili za kifuani, saketi ya kukuza umeme mdogo wa moyo, spika ndogo, na kanda ya kurekodi. Jana Batuli alilalamika kwamba bati la kufunika saketi linamchoma. Jephté akalitoa, asimuumize. Bila bati, nyaya zikawa zinadaka kila redio ya jirani.

Na asubuhi hiyo walikuwa wamegombana.

"Kila siku unashika nyaya, unasikiliza mapigo," Batuli alimwambia. "Unanipenda miye, ama unapenda mashine?"

Jephté aliinamia mkanda tu. Alikuwa anakaza skrubu! Binti akapanda gari la kwenda kwa daktari roho juu juu.

Askari akapiga mlango teke.

"Mashine inabaki. Ama mushuke wote wawili, mungojee commandant."

Jephté akaanza kuufungua mkanda.

"Usitoe!" Batuli alilia. "Kanda iko ndani! Daktari ataamini nini? Na kazi yako yote, Jephté?"

"Kazi nitafanya ingine. Batuli mwingine nitamutoa wapi?"

Askari akaupokea mkanda, akautupa chini, akausaga kwa buti. Moyo wa Batuli ukatimka.

"Jephté... umeanza."

Jephté akamgeukia dereva. "Chauffeur, twende! Kimbiza gari!"

Walipoingia kwa daktari, moyo ulikuwa bado unakimbia; Jephté akaeleza habari za mkanda alioutengeneza. Daktari akamshika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo, kisha akapaza sauti:

"Mulete mashine ya moyo, haraka!"

Karatasi ikatoka, mistari imebanana.

"Pardon, mama, unisamehe. Hii si woga. Ni ugonjwa, na dawa iko. Kijana, wewe fundi, kuja uone."

Jephté hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwa Batuli.

"Angalia karatasi yako, basi," Batuli alisema, machozi yakimtoka.

"Nitaiangalia kesho. Leo niambie, baba yako anapatikana saa ngapi?"

Batuli akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Kisha swala ya alasiri. Na usikuje peke yako. Kuja na wazee."