Chumba Kisicho na Mlango

Karatasi ilikuwa na joto. Fundi aliishika kwa vidole viwili, akaiachia, akaishika tena. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amefungua mashine za kila aina, na alijua zipi zinapasha karatasi joto na zipi hazipashi. Hii ilikuwa plota ya zamani, pana kama kitanda cha watu wawili, na kazi yake ilikuwa kumwaga wino kwenye karatasi kubwa za ramani za nyumba. Karatasi yake ilipaswa kutoka baridi kama shuka la hospitali. Hii iliyokwama ndani ilikuwa na joto la kwapa.

"Umeizima lini?" aliuliza.

"Tangu jana jioni," alijibu mchoraji. "Sijaigusa."

"Basi ina homa."

"Mpe dawa, dada. Mimi nina michoro ya kutoa leo."

Ofisini walimwita mchoraji huyo Rula, kwa urefu na wembamba wake. Naye fundi walimwita Bisibisi, jina alilolipata siku alipokuja kazini na bisibisi imechomekwa kwenye kilemba kama ua. Walikuwa wamezoeana kiasi cha kutukanana bila kununiana.

Simu ikatetemeka mfukoni mwa Bisibisi. Alikuwa mama yake.

"Mwanangu, leo anagonga."

"Nani, mama?"

"Huyu wa ukutani. Siku zote anakuna tu. Leo anagonga."

Bisibisi alifumba macho. Mama yake alikuwa amevunjika nyonga, na tangu siku ile hakuweza kuinuka bila kushikwa. Bisibisi akamchukua, akamweka nyumbani kwake, kwenye chumba kizuri kuliko vyote. Nyumba ilisimama peke yake mwisho wa barabara ya vumbi, haikupakana na ya mtu. Lakini tangu mama aingie chumba kile alikuwa anakwisha. Khanga zilimzunguka mara tatu. Madaktari watatu walimpima, damu safi, mapafu safi. Usiku alilala ameweka kiganja ukutani. "Una joto," alisema, na Bisibisi aliugusa ukuta, akasema ni jua.

"Msaidizi wako yuko wapi?"

"Ametoka. Kafunga mlango, kaondoka na ufunguo. Kasema atarudi saa kumi."

"Nakuja, mama. Namaliza hapa nakuja. Weka simu karibu."

Ilikuwa saa nane mchana.

Akarudi kazini haraka. Alichomoa waya wa umeme, akakata karatasi kwa wembe, akainua mfuniko, ambao uzee ulikuwa umeupausha mpaka hauonyeshi kilicho chini yake. Akasukuma vichwa vya wino kwa mkono, kushoto hadi kulia. Vikateleza. Akafuta rola kwa spiriti. Safi. Akalipuliza jicho dogo linalotambua kama karatasi imefika. Linaona. Akarudisha umeme na kutoa karatasi ya majaribio, mistari na rangi, nayo ikapita bila kukunjamana, ikaanguka kwenye kapu la chini.

"Mkono wako una baraka," alisema Rula.

"Mkono wangu una shule. Leta mchoro wako."

Mchoro wa nyumba ya vyumba vitatu ukaanza kutoka. Katikati, vichwa vya wino vikapunguza mwendo. Vikarudi palepale, vikarudi palepale, kama mtu anayekuna upele, kisha ikasikika sauti ya karatasi kukunjika. Ikakwama. Akaichomoa, wakajaribu mchoro wa zahanati. Ikakwama. Wakajaribu wa duka. Ikakwama.

Sasa Bisibisi akaiacha mashine, akaenda kuzihoji karatasi. Alizitandaza zote tatu mezani, chini ya dirisha. Kila moja ilikuwa na mahali palipovimba, peusi, pabichi.

"Ona, wino unalala mahali pamoja mpaka karatasi inavimba. Ikivimba inainuka, ikiinuka inagonga kichwa. Mashine yako nzima, kaka. Umechora nini hapa?"

Rula aliinama mpaka pua ikakaribia wino.

"Hapo sijachora kitu."

Lakini palikuwa na kitu. Chini ya wino ule mzito kulikuwa na kuta nne, zimepitiwa na kupitiwa tena, zimefunga eneo la urefu wa mtu aliyelala na upana wa mtu aliyetanua viwiko. Chumba. Hakikuwa na dirisha, hakikuwa na mlango. Kwenye nyumba kilikaa kati ya vyumba viwili vya kulala, kwenye zahanati kati ya wodi na choo, kwenye duka nyuma ya kaunta. Rula alifungua michoro kwenye kompyuta, akaikuza, akaipekua. Kwenye kioo hakikuwepo.

"Imeanza kukwama lini?"

"Mwezi huu. Tulipobadilisha karatasi. Ile nzito ya zamani haipatikani tena."

Bisibisi aliisugua karatasi mpya kati ya vidole viwili. Karatasi nzito hunywa wino mwingi na haiinuki. Inapita tu, haikwami, wala haimwambii mtu kitu.

"Nipe michoro ya zamani," alisema. "Yote."

Kabati lilikuwa na michoro ya miaka saba. Hakuitazama. Alifumba macho, akapitisha kiganja juu ya kila karatasi, na katika kila moja, mahali fulani katikati ya nyumba ya mtu, kiganja kilikutana na kidonda kilichokauka.

"Na wajenzi wakiona hiki?"

"Watadhani ni njia ya mabomba." Sauti ya Rula ilikuwa imeshuka. "Mjenzi haulizi, dada. Anajenga kilichopo kwenye karatasi. Akimaliza anapiga plasta."

"Mashine hii mliipata wapi?"

Rula alitazama mlango wa ofisi kama anayehofia kusikika. "Kwenye jengo kuukuu tulilopewa kulikarabati. Kulikuwa na chumba kimezibwa kwa matofali, mlango na dirisha. Tukabomoa. Tukaikuta imesimama katikati, peke yake. Sakafu nzima ina vumbi la kuzamisha kidole. Juu yake hapakuwa na vumbi."

"Na hamkujiuliza kwa nini ilifungiwa?"

"Tulifurahi. Tulikuwa hatuna plota."

"Hakuna anayefungia chuma ndani ya matofali, Rula. Unafungia kinachoweza kutoka." Akanyoosha mkono. "Nipe na wa nyumba yangu."

Rula hakutaka. Ni yeye aliyeuchora mchoro ule, zawadi kwa rafiki, miaka mitano nyuma. Aliutoa chini kabisa ya kabati, akaukunjua polepole, na Bisibisi hakuhitaji kufumba macho. Alikiona. Upande mmoja kimegusa ukuta wa nyuma ya nyumba, upande mmoja stoo, na upande mrefu, wote, umelala sambamba na kitanda cha mama yake. Ukuta ule ulikuwa wa ndani. Haujawahi kuona jua.

Alipiga simu, akaiweka mezani ikiwa kwa sauti ya juu.

"Mama?"

"Nipo." Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi. "Sikiliza mwenyewe."

Ngo. Ngo. Ngo. Kimya. Kisha tena, ngo, ngo, ngo, kwa adabu, kama mgeni anayejua kuna watu ndani.

Na nyuma yao, chini ya mfuniko uliopauka, plota ambayo Bisibisi mwenyewe alikuwa ameichomoa umeme ilipovimbisha karatasi ya tatu, ikajibu. Ngo. Ngo. Ngo.

"Mwanangu," mama alinong'ona, "kumbe na huko yupo?"

Bisibisi alinyakua mkoba. Rula akamshika mkono wa blauzi.

"Utafika lini? Ni mwendo wa saa nzima na nusu, na mlango umefungwa."

"Niache!"

"Nisikilize kwanza." Alikuwa ananong'ona, midomo imekauka. "Miaka saba anajichorea vyumba, na hata kimoja hajakiwekea mlango. Unadhani hataki? Hawezi. Anasubiri mtu amchoree. Mimi nampa mlango. Wa nyuma, unaotazama uwanjani, atoke aende zake. Dakika tano, dada. Ukitoka sasa utafika umechelewa."

Simu mezani iligonga tena, kwa nguvu zaidi, na mama akaguna kama mtu aliyesukumwa.

"Chora," alisema Bisibisi. "Na uniombee."

Rula alifungua mchoro wa nyumba ya Bisibisi kwenye kompyuta, akachora chumba kile kama kilivyokuwa, kisha kwenye ukuta wa nyuma akafungua nafasi, akaweka mlango: mstari mmoja mfupi na robo duara, jinsi wachoraji wanavyoonyesha mlango unafunguka kwenda wapi. Robo duara ilitazama nje, uwanjani. Alimwonyesha Bisibisi kwenye kioo, akamwonyesha mara ya pili. Bisibisi akachomeka waya wa umeme, akarekebisha karatasi, akafunga mfuniko.

Plota ikaanza, na safari hii haikuwa na mlio wake wa siku zote wa kukwaruza, ilivuta karatasi kwa pumzi ndefu, ikaiachia, ikavuta tena, na harufu iliyotoka humo haikuwa ya wino, ilikuwa harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu na mtu ndani yake, ya jasho lililokauka na nywele na udongo uliolowa, na vichwa vya wino vikaenda na kurudi, vikaenda na kurudi, mpaka vilipofika mahali pale ambapo Bisibisi alijua vitafika, vikaanza kukuna, na kugonga kwa mezani na kugonga kwa chini ya mfuniko vikawa kitu kimoja, na Rula akaanza kusoma dua na kuisahau katikati na kuianza upya, na mama akaita "mwanangu, mwanangu," halafu karatasi ikakunjika, ikakwama, kila kitu kikanyamaza.

Wala Bisibisi hakufikiri. Mikono yake ilikuwa imefanya kazi ile mara elfu kumi, gizani, na homa, na mtoto mgongoni, na haikumsubiri. Mkono wa kushoto ulilegeza wenzo, wa kulia ukapenya chini ya mfuniko bila kuuinua, ukatafuta kunjo kwa kupapasa, ukalinyoosha kutoka katikati kwenda pembeni, ukahisi kitu chenye joto kikijisogeza kuupisha, ukatoka, na kidole gumba kikabonyeza kitufe cha kijani.

Mashine ikamalizia kwa ulaini. Katika miaka yote kumi na tisa hakuwahi kuondoa karatasi iliyokwama kwa usafi namna ile.

Kugonga kukakoma.

"Mama?"

"Ameacha," alisema mama. Sauti yake ilikuwa imepata mwili. "Alhamdulillahi, ameacha. Hata ukuta umepoa, mwanangu. Nina njaa."

Bisibisi alikaa chini sakafuni, miguu imenyooka kama mtoto, akacheka na kulia. Rula naye akacheka, akajifuta uso kwa tai. "Kuanzia leo," alisema, "mimi nachora kwa penseli." Karatasi ikakatika, ikaanguka kwenye kapu, nzito kama nguo iliyolowa. Aliichukua, akaitandaza mezani kwa mikono miwili, bado anacheka, na Bisibisi aliyekuwa akimtazama kutoka chini aliona kicheko kikimwisha usoni kuanzia machoni.

"Dada," alisema. "Mimi sikuuweka hapa."

Ukuta wa nyuma ulikuwa mzima, mweusi, umefungwa. Mlango ulikuwa kwenye upande mrefu. Kunjo lilikuwa limepita katikati yake, nusu ya mlango ilichorwa kabla ya kukwama na nusu baada ya kitufe cha kijani, zimekutana bila kupishana hata unywele, na robo duara ilikuwa imefagia kuelekea ndani, juu ya kitanda cha mama, mpaka kwenye mto.

Bisibisi alirukia simu. "Mama! Mama, usiseme kitu! Mtu yeyote akiingia hapo usimjibu, unanisikia? Usimkaribishe!"

Lakini mama hakuwa akizungumza naye tena. Alikuwa amegeuzia uso pembeni, sauti imekwenda mbali kidogo, ile sauti yake nzuri ya kupokea wageni, ya mwanamke aliyelelewa kutomwacha mtu amesimama mlangoni.

"Karibu," alikuwa akisema. "Karibu, baba, pita ndani. Samahani siwezi kuinuka. Mwanangu yuko kazini."

Na ndani ya simu, na chini ya mfuniko, kwa wakati mmoja, ikaitika sauti ya mtu mpole asiyekuwa na haraka.

"Asante, mama. Nimeshakaribia."